Usiniambie Ni Umri!

Mama, simama kidogo. Weka chini hicho ulichoshika. Unajua ninachotaka kukuambia, na ndiyo maana nasema haraka, kabla hujafunua ukurasa wa pili.

Unatokwa damu.

Si ile ya zamani, iliyokuja kwa tarehe yake na kuondoka kwa tarehe yake. Hii inakuja inapotaka! Inakaa inavyotaka! Inakwenda siku tatu, ya nne imerudi! Na wewe, ili upate usingizi, umeipa jina. Umeiita umri.

Nani alikuambia ni umri? Mwenzako wa kikoba? Wifi yako? Muuza dawa aliyekupa vidonge vya kukata damu bila kukuuliza ilianza lini? Au ulijiambia mwenyewe, saa nane za usiku, bafuni, unafua kanga kwa maji baridi ili doa lisishike na watoto wasione?

Umri si ugonjwa, mama. Umri hauonekani kwenye hadubini. Hakuna maabara inayoandika "umri" kwenye karatasi ya majibu. Damu hiyo ina sababu, na sababu ina jina, na jina hilo linatafutwa, linapatikana, linatibiwa. Lakini halitakufuata nyumbani!

Nasema kwa ukali kwa sababu nami niliiita hivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka 49. Miezi kumi na mmoja nilivuja, na miezi kumi na mmoja nilinyamaza. Niliacha kuvaa nguo nyeupe. Kwaya ilipovaa meupe siku ya Pasaka nilituma salamu kwamba nina mafua. Kwenye mkoba nilitembea na kanga nyeusi iliyokunjwa mara nne, na kila nilipokaribishwa kiti niliitandika kwanza, nikijifanya naogopa vumbi. Kila nilipoinuka niligeuka kukiangalia kiti.

Unakujua huko kugeuka! Unasubiri wenzako watangulie, unainuka polepole, unapindisha shingo kidogo kama anayetafuta simu. Unadhani hatukuoni. Tunakuona, maana nasi tumegeuka hivyo.

Pakiti ya pedi nane ilikuwa inaisha kwa siku moja. Ngazi tano zilinipigisha moyo kama ngoma. Nikaanza kutamani udongo, mimi ambaye sijautafuna tangu mimba yangu ya mwisho, nikawa nauficha kwenye kikombe kabatini. Sikujua kwamba hamu ile ni kilio cha mwili unaoishiwa madini ya chuma. Nikanywa rozela, nikala matembele, nikasema damu itarudi. Itarudi wapi? Unajaza ndoo iliyotoboka!

Nilianguka kwenye foleni ya maji, mbele ya watoto wa shule. Zahanati walinitoboa kidole kupima wingi wa damu, mashine ikasoma 6. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 na kuendelea. Nusu ya damu yangu niliikabidhi kwa neno moja. Umri!

Sasa hesabu nami.

Hedhi ya mtu mzima huja kila baada ya siku 24 hadi 38, na haizidi siku 8. Damu yote ya hedhi moja, kwa wengi wetu, ni kama mililita 30 au 40, vijiko viwili vitatu vya chakula. Ikivuka mililita 80 imeshakuwa nyingi. Hakuna anayekutuma upime kwa kijiko. Pima kwa maisha yako! Pedi inalowa ndani ya saa moja au mbili? Unavaa mbili kwa mpigo? Unaamka usiku kubadilisha? Yanatoka madonge makubwa kuliko sarafu? Damu inakuja katikati, kati ya hedhi na hedhi? Inakuja baada ya kukutana na mume?

Basi unajua. Ulijua kabla sijauliza.

Ndiyo, kuelekea kukoma hedhi mzunguko unayumba, sikatai. Yai halitoki kila mwezi kama zamani. Na hapo ndipo penye jambo. Homoni ya estrojeni kazi yake ni kuotesha ukuta wa ndani wa kizazi. Homoni ya projesteroni, inayokuja baada ya yai kutoka, kazi yake ni kuutuliza ukuta huo na kuuacha udondoke kwa mpango. Yai lisipotoka, mpanzi yupo shambani na mpaliliaji hayupo. Ukuta unaota, unanenepa, unamomonyoka vipande vipande leo na kesho na keshokutwa. Kwa hiyo hata hiyo unayoiita ya umri ina kazi inayofanya ndani, na ikiachwa miaka inaweza kuugeuza ukuta ule kuwa kitu kingine.

Na ukiwa na uzito mkubwa, au hedhi zako zilirukaruka tangu usichana, wewe wahi zaidi, maana mafuta ya mwili nayo yanatengeneza estrojeni yake bila kukuomba ruhusa.

Lakini lisikilize neno lenyewe. Kukoma! Kukoma ni kukoma! Ukimaliza miezi 12 hujaziona siku zako, umekoma. Tone moja baada ya hapo, hata likiwa la waridi, hata likiwa la kahawia kama chai ya rangi, hata likija mara moja lisirudi tena, si ujana unaorudi. Usilichekee na mashoga zako! Usiliite baraka! Nenda nalo hospitali wiki hiyo hiyo!

Sisemi una saratani. Nisikilize vizuri hapa, maana hofu nayo inaua kwa kumfungia mtu ndani. Uchambuzi mkubwa wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika wanawake 100 wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi, kama 9 ndio hukutwa na saratani ya ukuta wa kizazi. Wengi wa waliobaki wana mambo mepesi: ukuta uliokonda na kukauka, kinyama kidogo kinachoning'inia, dawa wanayokunywa.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Katika wale wenye saratani yenyewe, kama 9 kati ya 10 damu iliwatangulia. Iliwatangulia! Ilipiga hodi! Iliwapa muda! Saratani ya ovari huja kwa kunyata, ya kongosho huja kwa kunyata, lakini hii inapiga tarumbeta mlangoni kwako. Na ikikamatwa ingali ndani ya kizazi, takwimu za Marekani zinaonyesha zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 wako hai miaka mitano baadaye. Mlango wa kutokea upo wazi namna hiyo, na wewe umekaa ndani unakunja kanga nyeusi!

Damu hii ina sababu ngapi? Mwaka 2011 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, lilizipanga katika mafungu 9, kisha likaupitia upya mpango huo mwaka 2018. Manne ni mambo ya umbo, yanayoonekana kwa picha au kwa hadubini: vinyama, ukuta wa kizazi unaoota ndani ya nyama ya kizazi chenyewe, uvimbe ule tunaouita fibroidi, na saratani pamoja na yale yanayoitangulia. Matano yaliyobaki hayana umbo la kupigwa picha: damu isiyoganda, yai lisilotoka, ukuta wenyewe kuvurugika, dawa na vifaa tulivyopewa, na yale machache yasiyo na fungu.

Dawa na vifaa, ndiyo! Sindano ya miezi mitatu, kipandikizi mkononi, kitanzi, dawa za kuzuia damu kuganda, tamoksifeni ya waliotibiwa saratani ya matiti. Usimfiche daktari hata kimoja. Usimfiche na mizizi unayochemsha. Na usicheke akitaka mkojo wako apime mimba! Miaka 46 bado mimba inatunga, na inaweza kutunga nje ya kizazi, na hiyo haikupi wiki mbili za kufikiri.

Kwenye fibroidi nataka nikae kidogo, maana hapo ndipo wengi wetu tunapozikwa hai.

Sisi wanawake weusi tunaota uvimbe huu mapema na kwa wingi. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kufika miaka 50, zaidi ya wanawake weusi 80 katika 100 wanao. Maana yake nini? Maana yake ukipigwa ultrasaundi, uwezekano wa kuonekana uvimbe ni mkubwa, uwe unakusumbua au haukusumbui. Na ukishaonekana, kila mtu anashusha pumzi. Amepatikana mchawi! Shauri limekwisha!

Halijakwisha! Uvimbe haufukuzi saratani. Uvimbe haulindi ukuta wa kizazi. Uvimbe unaweza kukaa ubavuni, kimya, hauna kosa, huku mwingine anayevujisha yumo ndani zaidi.

Yalinipata. Baada ya kuongezewa damu nilikwenda mahali fulani, sitapataja, nikalazwa kitandani, nikapakwa ule ute wa baridi, nikaambiwa, "Mama, una vimbe mbili, ndizo hizo." Hakuna aliyeniangalia kwa ndani. Hakuna aliyechukua kipande. Nikapewa vidonge, nikashukuru, nikarudi nyumbani na picha yangu nyeusi kwenye bahasha kama mtu aliyeshinda kesi. Miezi minne mingine ikapotea! Niliipoteza mimi na wao, kwa kuridhika na jibu la kwanza.

Daktari wa pili alikuwa mwanamama mfupi, mwenye haraka. Aliitazama picha, akaiweka pembeni, akaniuliza swali moja tu: "Ukuta wa ndani umeshapimwa?"

Hilo ndilo swali, mama! Likariri! Lichukue uende nalo! Mwanamke wa miaka 45 na kuendelea anayetokwa damu isiyo ya kawaida anatakiwa achukuliwe kipande cha ukuta wa kizazi kikapimwe. Na wa chini ya hapo naye, kama ana uzito mkubwa, kama hedhi zake zilikuwa za kurukaruka, kama dawa hazijasaidia. Picha peke yake haitoshi. Kwa aliyekwisha koma, ultrasaundi ya ndani hupima unene wa ukuta, na ukiwa milimita 4 au chini ya hapo mara nyingi moyo unatulia. Lakini kwa ambaye bado anaona siku zake unene hupanda na kushuka kila wiki, hausemi kitu. Na hata kwa aliyekoma, damu ikirudi tena, picha nzuri isikurudishe nyumbani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2024 uliwaangalia wanawake weusi na kukuta kwamba kipimo hicho cha unene kiliwapita baadhi ya waliokuwa na saratani. Kiliwapita!

Unaogopa kuchukuliwa kipande. Nitakuambia ilivyo, nisikufiche wala nisikutishe.

Unalala chali, miguu juu. Wanakuwekea kile chuma cha kufungulia njia, cha baridi, unashtuka. Wanaangalia shingo ya kizazi kwa taa. Kisha kamrija ka plastiki, kembamba, ka milimita kama tatu, kanapita. Hapo tumbo linakaza kama siku ya kwanza ya hedhi ya usichana wako, linakaza kwelikweli, unavuta pumzi, unahesabu. Sikufika arobaini. Kwisha. Kwa wengine kinauma zaidi, na una haki ya kuomba dawa ya maumivu kabla, omba! Kwa wengine mrija haupiti, au picha imeonyesha kinyama, na hapo huingizwa kamera ndogo au husafishwa kizazi chini ya nusukaputi.

Wakanipa kichupa. Nakikumbuka mpaka leo. Kichupa cha kioo, kifuniko kimezungushiwa plasta, ndani maji ya formalini, na ndani ya maji yale vijinyuzi vyekundu, vichache, kama makombo ya nyama yaliyobaki kwenye kisu. Nikaambiwa nikipeleke mwenyewe maabara, upande wa pili wa mji.

Nilikipandisha daladala! Nilikaa dirishani nikakishika kwa mikono miwili mapajani, juu ya ile kanga yangu nyeusi. Kondakta akasema, "Mama, sogea, wanakaa wanne." Nikasogea. Kijana wa pembeni yangu alikuwa anakula karanga. Mimi nimeshika mkononi miezi kumi na mitano ya uongo wangu mwenyewe, katika maji, imetulia, haina ubishi. Ndipo nilipolia. Si kwa hofu. Nililia kwa sababu kilikuwa kitu kidogo hivyo! Kipande kisichojaza ukucha, cha dakika moja, ningeweza kukitoa tangu mwezi wa pili.

Majibu yalichukua wiki tatu. Wiki tatu hizo ni ndefu, sikudanganyi, na hakuna nilichofanya cha maana ndani yake isipokuwa kupika na kuomba. Karatasi ikaja: ukuta umenenepa kupita kiasi, hakuna chembe za saratani, hakuna chembe za mashaka. Jina! Nilipata jina! Nikawekewa kitanzi chenye homoni ya projesteroni, yule mpaliliaji aliyekuwa amekosekana, nikapewa vidonge vya madini ya chuma, nikachukuliwa kipande kingine baada ya miezi sita. Ukuta ulikuwa umetulia. Kizazi changu bado ninacho. Wewe unayekaa nyumbani kwa kuogopa kwamba watakutoa kizazi, sikia hilo! Mara nyingi aliyechelewa ndiye anayebaki na njia hiyo peke yake.

Maana siku nilipopeleka kichupa, kwenye benchi la maabara tulikuwa wawili. Mwenzangu alikoma hedhi akiwa na 51. Akaanza kuona matone akiwa na 57. Alisubiri masika ipite, avune. Akasubiri binti aolewe. Akasubiri ada ya kidato cha tano. Alinieleza haya yote kwa sauti ya chini huku akinyoosha upindo wa dera lake, akiunyoosha tena na tena. Alikuwa mtu mwema, hakuwa mjinga, alijua kama unavyojua wewe. Nilipofuata majibu yangu nilimuulizia. Sitaandika nilichoambiwa.

Na ipo saratani ya shingo ya kizazi! Nilitaka kuipita kwa haraka lakini siwezi. Tanzania, saratani inayowapata wanawake wengi kuliko zote ni hiyo. Makadirio ni zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 kila mwaka, na zaidi ya 6,000 wanaokufa. Dalili yake ni damu: baada ya tendo, katikati ya mwezi, baada ya kukoma. Pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, ufukweni Dar es Salaam, wengi wao hufika ugonjwa umekwisha sambaa. Na ultrasaundi ya tumbo inaweza isiione kabisa! Inaonekana kwa macho, kwa taa, kwa mtu kukaa mbele yako na kuangalia. Dakika tano! Kipimo cha siki kinachotolewa kwenye vituo vingi vya afya ni kizuri kwa asiye na dalili na ambaye hajakoma. Wewe unayevuja, wewe uliyekoma, hicho hakikutoshi. Sema uangaliwe, sema uchukuliwe kipande kama kuna kidonda.

Najua utakachosema sasa. Unakisema kila mwezi.

"Nasubiri damu ikatike ndipo niende." Usisubiri! Wanaokupima wameiona damu maisha yao yote. Utaangaliwa ukiwa unavuja, utachukuliwa kipande ukiwa unavuja. Ukisubiri ikatike, ikikatika utasema umepona!

"Daktari ni mwanaume, tena kijana." Omba wa kike. Omba nesi asimame nawe. Asipokuwepo wa kike, lala. Ulijifungua mbele ya watu sita usiowajua na hukufa kwa aibu.

"Sina hela." Hili silidharau, nimelipitia. Lakini hesabu pedi za mwaka mzima. Hesabu vidonge vya duka la dawa, rozela, nauli ya kwenda kwa mganga Bagamoyo. Ulikuwa nazo, mama. Ulizigawa kidogo kidogo kwa kila mtu isipokuwa kwa anayeweza kukupa jina. Kikoba kinakukopesha kwa harusi na msiba. Kwa nini kisikukopeshe kwa uhai?

"Namwachia Mungu." Omba! Nami niliomba, naomba, nitaomba. Lakini unamkumbuka yule mwanamke wa Injili aliyetokwa damu miaka 12? Tunamhubiri kila mwaka, na tunamhubiri kama mtu aliyesubiri. Hakusubiri! Alitoka nyumbani akiwa najisi kwa sheria ya wakati ule. Alipenya katikati ya msongamano. Alinyoosha mkono mwenyewe. Na alipoulizwa, alijitokeza akitetemeka akasema yote mbele ya watu. Imani yake ilikuwa na miguu na ilikuwa na mdomo!

Na wewe dada yangu Mwislamu, wewe ulifundishwa chuoni tangu mdogo kutofautisha hedhi na istihadha, damu isiyo ya hedhi. Fatima binti Abi Hubaysh alikwenda kwa Mtume mwenyewe, akamweleza kwamba damu yake haikatiki, akauliza afanyeje na swala. Akajibiwa kwamba hiyo inatoka kwenye mshipa, si hedhi. Yeye hakuona haya kuuliza, na jibu alilopewa ndilo mnalosalia nalo hadi leo. Wewe unaona haya mbele ya nani?

Mficha maradhi, ulikariri shuleni, malizia mwenyewe.

Ziko nyakati ambazo hata kesho ni mbali. Ikiwa unalowesha pedi moja au zaidi kila saa, kwa zaidi ya saa mbili mfululizo. Ikiwa unaona kizunguzungu ukisimama, macho yanafunga giza, moyo unakimbia umekaa. Ikiwa huenda una mimba na tumbo linakuchoma upande mmoja, funga ukurasa huu. Ita bodaboda, ita bajaji, ita jirani. Usioge kwanza! Usipike kwanza! Nenda hivyo hivyo!

Wengine wote, chukueni kalenda. Ile ya ukutani, ya duka la vifaa vya ujenzi, haidhuru. Weka alama siku zote unazokumbuka umeona damu, miezi mitatu nyuma. Andika pedi ngapi. Andika dawa zako zote, na sindano, na lini ulipimwa shingo ya kizazi mara ya mwisho, na kama hujawahi, andika hujawahi. Andika kama wewe na dada zako mnavuja sana tangu usichana, mking'oa jino damu haikatiki, maana ugonjwa wa damu kutoganda hurithiwa. Andika kama shingo yako imevimba mbele au unachoka bila sababu, wapime na tezi. Wakuangalie wingi wa damu. Na ukumbuke lile swali!

Baba unayesoma hili kwa bahati, umeziona kanga kwenye kamba. Usimuulize "kuna nini". Toa nauli, simama mlangoni, sema tunakwenda.

Kesho, mama. Si baada ya mavuno, si baada ya mtihani wa mtoto, si baada ya mfuko huu wa pedi kuisha. Utafika dirishani, nyuma yako foleni, kijana wa mapokezi ameinamia daftari lake. Atauliza bila kukuangalia, "Shida nini, mama?" Utahisi ulimi unakwenda kwenye neno ulilolizoea. Utataka kusema "tumbo." Wote tunasema tumbo, na tukisema tumbo tunapelekwa kwenye vipimo vya choo na malaria na tunarudi nyumbani na dawa za minyoo. Usiseme tumbo! Shika ukingo wa dirisha. Sema wakusikie hata wa nyuma: "Natokwa damu, na nataka kujua ni ya nini."